Fine ya kalamu, fine ya mahakama

Chukua kalamu ya wino ya kawaida iliyo karibu na wewe, iangalie ubavuni. Utakuta jina la kampuni, halafu pembeni kwa herufi ndogo FINE au MEDIUM, nyingine F au M peke yake. Wengi wakiona hilo FINE wanajua mwenye kampuni anajisifia, kwamba kalamu yake nzuri. Wala hajisifii, anakwambia tu ncha ni nyembamba na mstari utatoka mwembamba. Na ile ya MEDIUM haina ubora wa kati, mstari wake ndo mnene kidogo, basi.

Mimi kazi yangu inanikalisha na Kiingereza na Kiswahili kutwa nzima, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: eti neno fulani kisawe chake nini? Siku hizi silijibu hapohapo, nalirudisha kwa mwenyewe, namuuliza kinyume chake nini hapo ulipolikuta? Mtu anashangaa, ye kauliza mashariki mimi namwelekeza magharibi. Lakini ukishajua kinyume, kisawe kinakuja chenyewe, na hakuna neno linaloonyesha hivyo vizuri kama fine.

Maana hili neno watu wanajifunza wiki ya kwanza kabisa, how are you, I'm fine, na mtu akishalijua hivyo anafunga faili. Miaka inapita anakutana nalo kwenye msasa, kwenye maelezo ya pete, kwenye barua ya mahakama, kwenye utabiri wa hali ya hewa, na kila mahali analilazimisha liwe "nzuri". Halilazimiki bwana. Anafungua kamusi ya visawe anakuta wamepangwa foleni, excellent, thin, delicate, well, sunny, penalty, pure, powdery, acceptable, wote eti ndugu wa fine. Sasa jaribu kumweka mmoja mahali pa mwenzake uone vituko. I was ordered to pay an excellent. The weather today is powdery. My mother is thin, thank you, na hapo ulikuwa unamaanisha mama hajambo.

Ukienda kwa vinyume mambo yananyooka. Fine thread ni uzi mwembamba, kinyume chake thick. Fine sand ni mchanga laini, kinyume chake coarse, ule wa chengachenga. Fine weather kinyume chake wet, mvua na mawingu. Fine ya afya kinyume chake ill. Fine gold kinyume chake dhahabu iliyochanganywa. Hata fine arts, ambazo wengi wanazielewa kama sanaa nzuri, zilipata jina hilo kwa kutengwa na sanaa za kutumika, useful arts, mambo ya uhunzi na useremala na ufinyanzi, kwahiyo picha ya kuchora ikiwa mbaya kiasi gani bado ni fine art na kiti kikitengenezwa kwa ufundi wa kutisha bado wapo watakaobisha. Fine ndani ya hilo jina haipimi uzuri wa kazi, inakwambia tu kazi iko kundi gani.

Hii ya laini na nyembamba ndo inayowapiga watu chenga kuliko zote. Mfano mzuri ni vumbi. Wanasayansi wa hewa wana kitu wanaita fine particles, ndo hiyo PM2.5 mnayoisikia, chembe zenye kipenyo cha maikromita 2.5 kushuka chini, wakati unywele wa binadamu una kama maikromita 70 hivi, kwahiyo ni vitu ambavyo jicho haliwezi kuviona kimojakimoja. Na hizo fine ndo mbaya, maana zile coarse pua na koo vinazizuia nyingi, hizi zinateremka mpaka ndani kabisa kwenye mapafu na nyingine zinaingia kwenye damu. Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 lilishusha kiwango kinachopendekezwa mpaka mikrogramu 5 kwa kila mita ya ujazo kwa wastani wa mwaka, kabla ya hapo kilikuwa 10. Sasa mtu anayejua fine ni nzuri tu akisoma kichwa cha habari kinasema fine dust levels rising, si atashangilia?

Wanafizikia nao wana ya kwao. Mwanga wa hidrojeni ukiupitisha kwenye kifaa cha kuutenganisha rangi unaona mistari, na mstari mmoja mwekundu ukiuchungulia kwa kifaa kikali zaidi unakuta kumbe ni mistari miwili imebanana. Michelson na Morley waliliona hilo mwaka 1887, na jambo lenyewe linaitwa fine structure, umbo la ndani lenye vipengele vidogovidogo. Hapo kinyume ni gross structure, umbo la jumla. Mtafsiri akiandika "muundo mzuri" kazi imeharibika, na nimeshakutana nayo hiyo zaidi ya mara moja.

Haya, twende kwenye faini, maana hii ndo sisi tuliichukua mzimamzima. Kiswahili kilipokopa fine kilikopa ile ya kulipa tu, nyingine zote kikaziacha hukohuko. Na ukiuliza watu wengi watakwambia fine ya kulipa na fine ya -zuri ni maneno mawili tofauti kabisa yaliyogongana sauti kwa bahati, kama kaa la moto na kaa wa baharini. Hata kamusi nyingi zinayaweka kwenye vidahizo viwili, yaani kila moja na mahali pake kwenye orodha. Lakini asili yao ni moja, yote yanarudi kwenye neno la Kilatini finis, yaani mwisho, au mpaka. Yalipita Ufaransa yakaingia Uingereza baada ya Wanormani kuitawala ile nchi kuanzia 1066, moja likiwa limebeba wazo la "kitu kilichofikishwa mwisho wake, kilichokamilika", ndo likawa -zuri, bora, safi, laini, na jingine limebeba wazo la "malipo ya kumaliza shauri".

Hiyo ya kumaliza shauri inahitaji kuelezwa vizuri, kwasababu sasa hivi tukisikia faini tunafikiria adhabu, wakati mwanzoni fine ilikuwa makubaliano. Uingereza ya zamani mtu akimkosea mfalme alikuwa anaweza kwenda kupatana naye, analipa kiasi walichoafikiana na mambo yanaisha, wanasema he made fine with the king. Kiasi ambacho unapangiwa bila kuulizwa kilikuwa na jina jingine, amercement, kwa maana mtu yuko kwenye huruma ya mfalme, at mercy, apangiwe chochote. Ile hati ya Magna Carta ya 1215 ina kifungu, cha 20, kinachosema mtu huru asitozwe hiyo amercement ila kwa kadiri ya kosa lake, na mfanyabiashara asiguswe bidhaa zake anazofanyia biashara. Miaka ilivyokwenda amercement ikafa, fine ikabaki ikarithi kazi ya marehemu, ndo maana leo fine unapangiwa na wala hakuna anayekuja kupatana na wewe.

Na kulikuwa na fine nyingine ya ardhi, hii mimi naipenda mno. Watu wawili wanauziana shamba, wanataka maandishi ambayo hakuna atakayekuja kuyapinga. Wanachofanya, mnunuzi anamshtaki muuzaji mahakamani kana kwamba kanyang'anywa shamba, kesi ya kuigiza kabisa, halafu katikati ya kesi wanaomba ruhusa ya kupatana, na mahakama inaandika mapatano yanayoanza kwa Kilatini haec est finalis concordia, haya ndiyo mapatano ya mwisho. Yanaandikwa mara tatu kwenye kipande kimoja cha ngozi, nakala mbili juu zimekaa ubavu kwa ubavu na ya tatu chini imekatiza upana wote, kisha ngozi inakatwa kwa mstari wa mawimbi, huyu anachukua yake, yule yake, na ile ya chini kwenye mguu wa ngozi inabaki serikalini. Siku mmoja akija na karatasi ya kughushi wanaziunganisha, mawimbi yakikataa kulingana umeumbuka. Zile nakala za chini zinaitwa feet of fines, miguu ya fine, zilianza kuhifadhiwa mwaka 1195 na utaratibu wenyewe ukafutwa kwa sheria ya 1833, na maelfu yake bado yapo kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa pale London. Sasa wewe mpe mtu atafsiri feet of fines bila kumwambia habari hii, atakuletea miguu ya faini na hutajua ucheke au ulie.

Ukoo wa finis ni mkubwa kweli. Finish na final hao wanajulikana. Define ni kuweka mipaka ya maana. Confine ni kumfungia mtu ndani ya mipaka. Finance nayo imo, maana mwanzoni ilikuwa habari ya kumaliza deni. Affinity ilitokana na watu waliopakana, majirani wa mpakani, ikaja kuwa undugu wa ndoa. Na hapa sikilizeni hii: mwaka 1830 mkemia Mjerumani Karl von Reichenbach alipata dutu fulani ya nta ambayo haikutaka kuungana na kemikali nyingine, akaichanganyia Kilatini, parum yaani kidogo, affinis yaani yenye undugu, ikawa paraffin, kitu chenye undugu kidogo. Kwahiyo parafini na faini ni binamu. Haisaidii chochote kwenye mtihani lakini nimeona niwape.

Refine je? Hiyo ni kukifanya kitu kuwa fine zaidi, na hapa tunaingia kwa masonara. Kwenye dhahabu neno fine linamaanisha usafi kwa kipimo cha elfu. Pete ikigongwa 750 ndani yake maana yake sehemu 750 kati ya 1,000 ni dhahabu na zilizobaki ni madini mengine, kwa hesabu ya karati hiyo ni 18. Karati 22 ni 916 na kitu. Fedha ya sterling ni 925. Dhahabu tupu ni karati 24, ile ya 999. Kipimo chote hicho kinaitwa fineness. Na cha kuchekesha dhahabu iliyo fine kuliko zote haifai sana kwa pete ya kuvaa kila siku kwasababu ni laini, inakwaruzika na kupinda haraka, sonara mwenyewe atakushauri uchukue iliyochanganywa. Yani fine kwa usafi haiwi fine kwa matumizi, neno moja linajipinga ndani ya duka moja.

Watengenezaji wa mvinyo na bia nao wamelifanya kitenzi. To fine a wine haimaanishi kuupiga faini. Ni kuutia kitu kinachokamata mashapo yanayoelea na kuyazamisha chini ili kinywaji kiwe angavu. Mvinyo mwekundu tangu zamani sana wanautilia ute mweupe wa yai, mvinyo mweupe wanautilia aina ya udongo unaitwa bentonaiti, na bia za jadi za Uingereza zinatumia kitu kinaitwa isinglass kinachotolewa kwenye kifuko cha hewa cha samaki, kile kinachomsaidia kuelea. Ndo maana watu wasiokula chochote kitokanacho na mnyama huwa wanaulizia bia imekuwa fined kwa kitu gani, na mtu asiyejua atadhani bia ilivunja sheria.

Sasa nije kwenye sehemu ambayo ndo iliyonifanya niandike yote haya, vyeo vya wakusanyaji. Wanaokusanya sarafu za zamani wana ngazi za kupimia sarafu imechakaa kiasi gani, kuna kipimo cha 1 mpaka 70 kilichoanzia kwa Mmarekani William Sheldon mwaka 1949. Ukiziangalia ngazi zenyewe kwa Kiingereza cha darasani utachanganyikiwa. Good ni 4 mpaka 6, na hiyo ni sarafu iliyosagika mpaka unaona tu umbo la nje la picha. Very Good ni 8 mpaka 10. Fine inaanzia 12. Very Fine 20. Extremely Fine 40. Na zile mpya kabisa ambazo hazijawahi kupita mikononi mwa watu sokoni ni 60 kwenda juu. Kwahiyo sarafu iliyo Good ni mbovu, Very Good nayo mbovu afadhali, na Fine, kati ya 70, imekaa huko chini na alama zake 12.

Toka hapo nenda kwa wauza vitabu vya zamani. Kwao Fine iko juu, kitabu karibu na kipya, hakina mchubuko, hakina jina la mtu ndani, chini yake Very Good, kisha Good ambacho kimetumika kweli lakini kurasa zote zipo, kisha Fair, kisha Poor. Ona sasa, hizi biashara mbili wateja wake mara nyingi ni watu walewale, wazee wa kupenda vitu vya kale, na bado neno moja huku lina maana karibu na kipya na kule lina maana kimechakaa wastani. Ukinunua sarafu ya Fine kwa macho ya muuza vitabu utalia. Na hakuna aliyekudanganya, kila mmoja kasema ukweli wa ngazi zake. Hapa kinyume peke yake hakitoshi, unahitaji kujua ngazi nzima, nani yuko juu yake nani yuko chini.

Kamusi ya visawe haikuonyeshi hiyo ngazi, na wala haikuahidi. Ile maarufu ya Kiingereza ilitolewa mwaka 1852 na daktari wa London, Peter Mark Roget, ambaye alianza kukusanya orodha zake 1805, akaja kuzichapisha akiwa na miaka 73. Hakuipanga kwa alfabeti, aliipanga kwa mawazo, vichwa 1,000, ili mtu mwenye wazo na hana neno aende kwenye wazo akachague. Yani ilitengenezwa kwa anayelijua neno akiliona ila limemponyoka tu. Sisi tunaojifunza lugha tunaitumia kinyumenyume, tuna neno tunataka jingine la kulibadilisha ili insha ionekane imesoma, tunachukua la tatu kwenye orodha kwasababu ni refu. Ndo unakutana na mtu kaandika kwenye barua ya kuomba kazi eti I have delicate experience in accounting, ye katoka kwenye fine akapitia delicate akaona linang'aa.

Hata kwenye upande wa malipo tu visawe havikai sawa. Penalty ni kubwa, fine imo ndani yake pamoja na kifungo na mengineyo. Damages ni fidia, inaenda kwa aliyeumizwa, fine inaenda serikalini. Fee ni bei ya huduma. Tofauti ya fee na fine inaonekana ndogo mpaka usikie kilichotokea Haifa, Israeli. Wachumi wawili, Uri Gneezy na Aldo Rustichini, walifuatilia vituo 10 vya kulelea watoto mchana ambapo wazazi wengine walikuwa wanachelewa kuja kuchukua watoto na walimu wanabaki kusubiri. Kwenye vituo 6 wakaanzisha faini, shekeli 10 kwa kila mtoto mzazi akichelewa zaidi ya dakika 10. Ungetegemea uchelewaji upungue. Ukaongezeka, na haukuongezeka kidogo, ukafika karibu mara mbili. Matokeo yalichapishwa mwaka 2000 na maelezo yao ni kwamba wazazi waliiona faini kama bei, kabla ya hapo ukichelewa unaona aibu kwa mwalimu, sasa unalipa na huna deni. Halafu walipoifuta faini wazazi hawakurudi kwenye tabia ya zamani, waliendelea kuchelewa. Walibandikiwa fine wao wakasoma fee, na kwa ada ndogo vile wakaona ni huduma nzuri tu.

Kuna ule utani mkongwe wa kibao, FINE FOR PARKING, dereva kaegesha akakamatwa akajitetea kwamba kibao kimesema ni sawa kuegesha. Utani umechakaa, sarafu ya Good kabisa, lakini kisarufi dereva yuko sahihi, kile kibao kinasomeka pande zote mbili.

Tumalizie na ile ya wiki ya kwanza, I'm fine, kwasababu hiyo nayo siyo rahisi kama tulivyofundishwa. Kwanza imeshuka thamani. Fine wine bado ni mvinyo wa hali ya juu, a fine player ni mchezaji hodari, lakini ukiuliza chakula kilikuwaje na mtu akakujibu it was fine, kapika nani sijui lakini asirudie. Fine ikikaa kabla ya nomino inasifu, ikibaki peke yake baada ya is au was inamaanisha kinapita. Wanaojifunza hawaambiwi hilo, mtu anamsifia mwenzake your presentation was fine akidhani kamwaga sifa, mwenzake analala na mawazo.

Pili inakataa. Mwingereza au Mmarekani ukimuuliza kama anataka chai akasema I'm fine, hataki. Usimletee. Mtu wa kwetu anasikia habari ya afya, anajua mgeni kasema yuko salama na hajajibu swali, anarudia kuuliza, mgeni anarudia kujibu, wanabaki hapo. I'm good inafanya kazi hiyohiyo. Ila that's fine ni kinyume, hiyo ni ruhusa, unaweza kukaa hapa, that's fine. Na it's fine kwa mtu aliyemwagiwa kahawa kwenye shati maana yake hapana haiko sawa lakini sitaki tuongee.

Tatu, fine ya neno moja tupu na nukta yake. Hii ya kwenye meseji. Umemwandikia mtu maelezo marefu kwanini huwezi kuja, anakujibu Fine. na nukta. Hakuna kisawe chochote kwenye foleni ya kamusi kinachofaa hapo, siyo excellent, siyo well, wala acceptable. Kilicho karibu ni haya basi ya kwetu, ile inayotamkwa kwa kufunga mdomo. Na ukifikiria hiyo fine ya hasira ndo iliyo karibu na Kilatini kuliko zote, mtu anakwambia mwisho, shauri limefungwa, hakuna rufaa.

Kwahiyo kwa wanaoniuliza wamjibu nini bosi kwenye barua pepe akiomba kikao kisogezwe, msiandike Fine. hivyo peke yake. That's fine with me inatosha, that works for me inatosha zaidi, na kama unafurahi kweli andika sounds good. Fine by me nayo ipo ila ina kaharufu ka kutojali, mi ningewaachia marafiki.

Ah, na wapenzi wa kriketi watanidai fine leg. Huyo ni mchezaji anayesimama nyuma ya mpigaji upande wa miguu, karibu na mstari ulionyooka kutoka kwa mpigaji kwenda nyuma, fine ikiwa na maana ya pembe nyembamba, na kinyume chake square leg anayesimama pembeni kabisa. Miguu yake hampimi uzuri. Na Fine Gael, kile chama cha siasa cha Ireland kilichoanzishwa 1933, hakimo kwenye ukoo huu, hicho ni Kiayalandi, kinatamkwa karibu na "fina geli", na fine yake ni ukoo au kabila.